Mwanga Tusiouona: Vyanzo na Vipokezi vya Infraredi, na Hesabu ya Kiungo cha Nakivale



Tangu kikao cha mwisho wa muhula kuna wazo linalozunguka mabwenini hapa Mbarara: tuchangishane tununue jozi moja ya vifaa vya kurusha intaneti kwa mwanga, kimoja kifungwe kwenye kilima upande wa Base Camp, Nakivale, na kingine kilomita mbili ng'ambo, palipo na chumba cha kusomea. Aliyelileta wazo alikuwa amesoma habari za vifaa hivyo kuvusha intaneti juu ya mto Congo. Wengine wakasema, kwa nini tununue? Si tuchukue taa za rimoti tujitengenezee wenyewe?

Ni michango ya wanafunzi, na wengi wao wanahesabu hata nauli ya kurudi kambini wakati wa likizo. Kwa hiyo kabla ya kupitisha bahasha, tusome. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Nakivale ndiko Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanakoelewana kwa lugha hii, na ningependa makala hii isomwe na ndugu walioko kule pia, wakiwemo wale wanaotengeneza simu na dikoda bila kupita chuo chochote.

Ng'ambo ya wekundu

Macho yetu yanaona mwanga wenye urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ukivuka wekundu, jicho linakoma lakini mwanga haukomi. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, akiwa Uingereza, aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto kwenye rangi zake. Kipimajoto alichokiweka nje ya wekundu, mahali palipoonekana pana giza, ndicho kilichopanda zaidi. Hiyo ndiyo infraredi.

Katika mawasiliano hatuitumii infraredi yote. Kuna vituo vinne ambavyo ukivijua umejua karibu kila kifaa utakachokutana nacho: nanomita 850, 940, 1310 na 1550. Ya 940 ni ya rimoti. Ya 850 ni ya faiba fupi za ndani ya majengo. Ya 1310 na 1550 ni za faiba ndefu, zile zinazopita chini ya barabara na chini ya bahari. Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, ujumbe unaoutuma kutoka Uganda kwenda Ulaya husafiri sehemu kubwa ya njia kama mwanga wa infraredi ndani ya uzi wa kioo, hata kama kwenye simu yako ulianza kama redio.

Kwa nini vituo hivyo na si vingine? Kwa faiba jibu ni kioo chenyewe. Kwenye nanomita 1550 faiba nzuri hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita, kwenye 1310 takriban 0.35, na kwenye 850 mbili au zaidi. Anayetaka kufika mbali hana hiari. Kwa rimoti jibu ni bei: LED ya 940 ni rahisi kutengeneza, na kipokezi chake ni silikoni, kitu kilichozagaa duniani.

Chanzo: LED au leza

Ndani ya semikondakta elektroni inaposhuka kutoka ngazi ya juu ya nishati kwenda ya chini, tofauti ya nishati inaweza kutoka kama fotoni moja ya mwanga. Tofauti hiyo huitwa pengo la nishati, nayo ndiyo huamua rangi. Hesabu yake ikariri, utaitumia maisha yako yote: urefu wa wimbi kwa nanomita ni 1240 gawanya kwa nishati kwa elektroni-volti. Galiamu asenidi ina pengo la 1.42. Gawanya, utapata nanomita 873. Ukichanganya indiamu, galiamu, aseniki na fosforasi kwa vipimo tofauti unapunguza pengo mpaka unafika 1310 na 1550. Silikoni yenyewe haifai kuwa chanzo. Muundo wake hufanya elektroni ishuke kwa kutoa joto kuliko mwanga. Kwenye kupokea ni habari nyingine, tutaiona.

Kwenye LED kila elektroni hushuka kwa wakati wake. Fotoni hutoka ovyo, kila upande, zikiwa na rangi zinazokaribiana tu: LED ya 940 inaweza kusambaa nanomita 50 hivi. Kwenye leza fotoni moja inaposafiri ndani ya chembe huichochea elektroni nyingine itoe fotoni inayofanana nayo kabisa, na vioo viwili vya pembeni huzirudisha mpaka ziwe jeshi linalokwenda kwa hatua moja. Leza inahitaji mkondo upite kiwango fulani ndipo ianze. Chini ya hapo ni LED mbaya tu. Leza ya semikondakta ya kwanza ilionyeshwa Marekani mwaka 1962, lakini ilibidi ipozwe kwa baridi kali. Ilipofika 1970 zilipatikana zinazofanya kazi mfululizo kwenye joto la chumba, na mwaka huohuo faiba ya kwanza yenye upotevu mdogo ikatoka. Vitu hivyo viwili kukutana mwaka mmoja ndiko kulikoleta mtandao tunaoujua.

Tofauti ya LED na leza kwenye kazi yetu iko mahali patatu. Kwanza ni kasi: LED ya kawaida huzimwa na kuwashwa mamilioni ya mara kwa sekunde, leza mabilioni. Pili ni usafi wa rangi. Ndani ya faiba ya kawaida kwenye 1550, kila nanomita moja ya upana wa rangi huchelewesha mwanga takriban pikosekunde 17 kwa kilomita. Chanzo chenye upana wa nanomita 100 kwenye kilomita 60 kitatawanya kila mpigo kwa nanosekunde 102, ilhali biti moja ya gigabiti 1 kwa sekunde ina nanosekunde 1 tu. Biti zitapandana kama watu kwenye mlango mmoja. Leza yenye upana wa nanomita 0.1 itatawanya nanosekunde 0.1, na hilo linavumilika.

Mahali pa tatu ni mwelekeo, na hapa ndipo wazo la kutumia taa za rimoti linapofia. Chukua LED inayotawanya mwanga nyuzi 20 kila upande. Kwenye kilomita mbili duara la mwanga wake lina kipenyo cha mita 1,456 hivi. Lenzi yako ya kupokea ina sentimita 10. Sehemu unayoikamata ni karibu tano kwa kila bilioni, yaani upotevu wa desibeli 83 kabla hujahesabu hewa. Sasa chukua leza iliyokusanywa mpaka itawanyike miliradiani moja tu: kwenye kilomita mbili duara lake lina mita 2, na lenzi ileile inakamata sehemu moja ya 400, desibeli 26. Tofauti ya desibeli 57 ni kama mara laki tano. Unaweza kuweka lenzi mbele ya LED, ndiyo, utapunguza mtawanyiko. Lakini uso wa LED ni mpana na hutoa mwanga kila upande, kwa hiyo ukibana pembe unapoteza mwanga mwingi. Leza hutoka kwenye kitundu kidogo mno, ndiyo maana inakubali kubanwa.

Kipokezi: nani anaona nini

Katika makongamano yetu haipiti saa moja kabla Ibn al-Haytham hajatajwa, mara nyingi na mtu asiyejua alisema nini. Leo anatajwa kwa haki. Wako waliodhani jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Yeye, katika Kitab al-Manazir, alishikilia kwamba mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Jicho ni kipokezi. Na kipokezi kina masharti.

Sharti la fotodiodi ni lilelile pengo la nishati, sasa kwa kugeuzwa. Fotoni ikiingia na nishati inayotosha, humtoa elektroni mahali pake na mkondo unapita. Isipotosha, hupita kama vile fotodiodi ni kioo cha dirisha. Silikoni ina pengo la 1.12. Fanya 1240 gawanya kwa 1.12: nanomita 1,107. Kwa hiyo silikoni inaiona 850 vizuri, inaiona 940, lakini kwa 1310 na 1550 ni kipofu kabisa. Haisaidii kuongeza nguvu ya leza. Haisaidii kununua fotodiodi kubwa zaidi. Kwa 1310 na 1550 unahitaji mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki, ambao kwenye karatasi za vipimo huandikwa InGaAs. Pengo lake ni karibu 0.75, hivyo huona mpaka nanomita 1,650 hivi. Jeremaniamu nayo huona huko, ila ina mkondo mwingi wa gizani, yaani mkondo unaopita hata pasipo mwanga, na huo huzaa kelele.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu fotodiodi mbili zinaweza kufanana kwa umbo, miguu miwili na kidirisha juu, na bei zikapishana sana. Mwanafunzi wa mradi wa mwaka wa mwisho akinunua ile ya bei nafuu kwa ajili ya leza ya 1550, atakaa wiki nzima akikagua saketi ambayo haina kosa lolote.

Kipimo cha pili ni mwitikio: ampea ngapi kwa kila wati. Ukichukua ufanisi wa asilimia 80, silikoni kwenye 850 hutoa takriban ampea 0.55 kwa wati, na InGaAs kwenye 1550 hutoa 1.0. Watu hushangaa kwamba fotoni dhaifu zinatoa mkondo mkubwa zaidi. Si ajabu: kila fotoni hutoa elektroni moja tu, na wati moja ya fotoni dhaifu ina fotoni nyingi zaidi.

Aina ziko nyingi, mimi nataja tatu. Fototransista ni ya bei ndogo na hukuza mkondo yenyewe, lakini ni nzito. Inafaa kuhesabu watu mlangoni, si kupeleka intaneti. PIN ni fotodiodi iliyowekewa tabaka pana safi katikati na kupewa volti kinyume, ili elektroni zifagiliwe haraka. Hiyo ndiyo farasi wa kazi wa faiba. APD hupewa volti kubwa zaidi mpaka elektroni moja igonge nyingine na kuzaa kumi au zaidi. Inasikia minong'ono ambayo PIN haisikii, ila inataka volti iliyotulia na joto linalodhibitiwa, na pamoja na ishara hukuza kelele pia.

Kuhusu ukubwa, kila anayeanza hutamani fotodiodi kubwa ili ikamate mwanga mwingi. Lakini fotodiodi kubwa ina kapasitansi kubwa, na kapasitansi hula kasi. Kwa gigabiti 1 kitundu cha fotodiodi huwa sehemu ndogo ya milimita. Kazi ya kukamata mwanga mwachie lenzi.

Halafu kuna jua, ambalo lina infraredi tele. Rimoti hujikinga kwa ujanja mzuri: LED yake haiwaki tu, hupepesa, nyingi mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi kimechujwa kisikie mpepeso huo tu. Jua halipepesi, kwa hiyo halisikiki. Kinachobaki ni kelele yake. Ndiyo sababu rimoti yenye taa ndogo hufanya kazi mchana sebuleni, kwa biti chache mno kwa sekunde. Kwenye kiungo cha kasi ujanja huo hauwezekani. Unatumia kichujio cha rangi kinachopitisha nanomita chache tu, na unachagua mwelekeo kwa akili. Nakivale iko chini kidogo tu ya ikweta. Machi na Septemba jua huchomoza mashariki barabara na kutua magharibi barabara. Kiungo kinachotazama mashariki na magharibi kitakuwa na siku ambazo jua linasimama nyuma ya mrushaji kabisa.

Mto Congo ulifanya nini

Mfano uliowasha moto huu wote ni wa kweli, na ni wa jirani. Mradi wa Taara, ukiwa chini ya kampuni ya Marekani iitwayo X, pamoja na Liquid Intelligent Technologies, waliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa miale ya infraredi juu ya mto. Umbali ni kilomita 4.8. Kwa faiba, kwa kuwa mto ni mgumu kuvuka, njia ilikuwa ya kuzunguka zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2021 walitangaza kwamba ndani ya siku 20 kiungo kilipitisha karibu terabaiti 700, na kilipatikana kwa asilimia 99.9 ya muda.

Tuzisome namba hizo kama wanafunzi na si kama mashabiki. Asilimia 0.1 ya siku 20 ni dakika 29 hivi. Terabaiti 700 kwa siku 20 ni wastani wa gigabiti 3.2 kwa sekunde, kwenye kiungo chenye uwezo wa 20. Ni kazi kubwa. Lakini pande zote mbili za mto kulikuwa na mtandao mkubwa wa kulishwa na wa kulisha, na vifaa vyao vina vioo vinavyojigeuza vyenyewe kila mara ili miale isitoke kwenye shabaha nguzo inapoyumba.

Sasa ya kwetu

Chukua leza ya miliwati 10, ambayo kwa lugha ya desibeli za miliwati ni 10. Ondoa 26 za mtawanyiko, 4 za lenzi na vioo, 1 ya hewa safi kwa kilomita mbili. Inabaki hasi 21, mikrowati 8 hivi. Tuseme kipokezi chetu cha APD kinataka angalau hasi 32 kwa gigabiti 1. Tumebakiwa na desibeli 11. Kwa siku safi kiungo kinasimama, tena vizuri. Vumbi la murramu likikaa kwenye lenzi wakati wa kiangazi litakula mbili tatu, kwa hiyo awepo mtu wa kupanda kufuta.

Ukungu ndio mtihani. Kwa ukungu mzito kanuni ya haraka ni 17 gawanya kwa umbali unaoweza kuona kwa kilomita. Jibu ni desibeli kwa kilomita. Asubuhi ukungu ukilala bondeni kuelekea ziwa Nakivale, ukawa huoni zaidi ya mita 500, unapoteza 34 kwa kilomita, 68 kwa kiungo chote. Desibeli zetu 11 zimekwenda na mara nyingi zaidi. Wala usidhani infraredi inapenya ukungu mzito kuliko mwanga wa kawaida: matone yake ni makubwa kuliko mawimbi yote mawili, hivyo huyatawanya yote karibu sawa.

Linganisha na faiba. Kutoka Mbarara mpaka kambini tuchukue kilomita 60 kwa hesabu. Kwa 1550 weka 0.25 kwa kilomita, jumla 15. Maungio 15 ya 0.1 kila moja, 1.5, viunganishi viwili, 1, akiba ya kuzeeka, 3. Jumla 20.5. Ukirusha miliwati moja unapokea hasi 20.5, mikrowati 9, na PIN ya InGaAs inayotaka hasi 24 inatosha. Ukungu hauijui. Kilomita 60 za kioo zinapoteza pungufu ya kilomita mbili za hewa safi kwa vifaa vyetu. Kila ninapoirudia hesabu hii nastaajabu upya.

Rai yangu, mniwie radhi walioshangilia: tusinunue. Si kwa sababu mwanga haufai. Chumba cha kusomea hakiwezi kupata gigabiti 1 ikiwa kule kilimani chanzo chenyewe ni ruta ya simu ya megabiti 30. Kwa megabiti 30 redio ya gigahezi 5 ya nje inavuka kilomita mbili zenye mwonekano wazi, haijali ukungu, na bei yake ni ndogo. Fedha zitakazobaki zilipe bando na betri ya sola. Lakini mradi wa mwaka wa mwisho wa kiungo cha leza cha mita 200, kwa ajili ya kupima ukungu kila asubuhi na kuandika namba, huo nauunga mkono kwa mikono miwili; vipimo vya namna hiyo vya bonde lile vingemfaa kila atakayekuja na kifaa kikubwa baadaye.

Jambo la macho

Hili lisomwe hata na aliyeruka yote ya juu. Mwanga wa 850 na 940 hupita kwenye jicho mpaka nyuma kabisa, na lenzi ya jicho huukusanya kuwa nukta. Kwa kuwa huuoni, hufumbi. Mwanga wa 1550 hunyonywa zaidi na maji ya sehemu ya mbele ya jicho, kwa hiyo sheria za usalama huuruhusu nguvu zaidi; huo si ruhusa ya kuutazama.

Mafundi wengi hukagua rimoti kwa kamera ya simu: ukibonyeza, taa inaonekana ikiwaka rangi ya zambarau. Ni njia nzuri kwa rimoti, maana kamera ni silikoni na 940 inaiona. Baadhi ya vijana huichukua njia hiyohiyo kwenye faiba iliyokatika: wanaelekeza kamera, hawaoni kitu, wanasema umeme hakuna, wanasogeza jicho. Kamera ya silikoni haiwezi kuona 1310 wala 1550. Giza kwenye skrini halimaanishi chochote. Tumia kipima nguvu cha faiba, na ncha ya faiba ielekeze chini, mbali na uso wako na wa mwenzako.

Maswali ya kujipima

Kwanza: LED ya semikondakta yenye pengo la 1.32 hutoa nanomita ngapi, na je, silikoni itaiona? Pili: kwenye kiungo chetu cha kilomita mbili, mtawanyiko ukipunguzwa kutoka miliradiani moja hadi nusu, tunapata desibeli ngapi, na nguzo ikiyumba kidogo kwa upepo tunapoteza nini? Tatu, kwa wanaotoka Nakivale: likizo hii, kwa siku kumi mfululizo, baada ya jua kuchomoza, andika kitu cha mbali zaidi unachokiona vizuri kutoka mlangoni kwenu na umbali wake. Leteni daftari hizo muhula ukifunguliwa, inshaallah, tuzipigie hesabu pamoja.